Jeraniamu ya Dirishani

Makopo mawili ya miche mwanamke yule alikuwa ameshayapindua, akaitazama mizizi yake kwenye mwanga na kuirudisha udongoni. La tatu alilishika mkononi bila kulipindua. Mlinzi wa kitalu, mzee mcheshi ambaye hakujua kunyamaza zamu yake ikikaribia kwisha, aliegemea nguzo ya banda akamwambia kwamba mchagua jembe si mkulima.

"Leo sichagui kama mkulima," akamjibu. "Nachagua kama mkwe."

Mlinzi alicheka, kisha akamkumbuka mama mkwe mwenyewe ni nani, akakiacha kicheko njiani. Alikuwa amemsalimia bibi huyo mara moja tu, siku alipomzika mwanawe, na ilimtosha.

Jina ambalo mwanamke huyu alipewa na wazazi wake, pale kitaluni walishalisahau. Wenzake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza, mama wa huyu na mama wa yule. Yeye hakuwa na wa kuitwa kwa jina lake, mpaka siku moja mlinzi, kwa moyo safi kabisa, akamwita Mama Miche. Jina likashika. Siku lilipozaliwa alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda nyuma ya tangi la maji akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kumwagilia. Baadaye alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Alichotumwa kilikuwa hiki. Mama mkwe wake alianguka mwanzoni mwa mwaka akavunjika nyonga, na nyonga ya umri ule haiungi vizuri. Kitanda chake kilisogezwa dirishani, na chini ya dirisha palikuwa na ukanda wa ardhi mtupu. Pale alitaka jeraniamu. Hakutaka zile nyekundu zinazoning'inizwa barazani, ambazo umande ukiganda usiku mmoja tu zinakufa zote. Alitaka jeraniamu ya ardhini, ile ya kudumu, ambayo baridi ikija inaacha majani yaoze, inalala chini, na mvua za kwanza zikinyesha inaamka yenyewe bila kubembelezwa. Tena iwe isiyochoka haraka.

"Nataka ua la kunifikisha kwenye baridi," alikuwa amesema. "Sitaki la kuchanua kama arusi, siku chache tu halafu nabaki kutazama majani."

Kitaluni zilikuwapo aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya zambarau, maua makubwa, yenye fujo, yanayotoka yote kwa pamoja na kwisha yote kwa pamoja. Ya pili ilikuwa fupi, ya waridi, majani yake yananukia ukiyasugua, na ina roho ngumu kuliko mbuzi, lakini maua yake ni ya kuhesabu. Ya tatu ilikuwa ya buluu yenye jicho jeupe katikati, na hiyo ikianza haikomi. Mfanyakazi yeyote wa pale angejibu swali hili huku akifagia. Ya tatu ndiyo.

Taabu yake ilikuwa katika sababu. Ua huchanua ili lizae. Likishafunga mbegu, limemaliza kazi, linapumzika. Jeraniamu ya buluu haikuwa na mbegu. Walioichanganya kutoka mimea miwili walipata mtoto asiyezaa, na kwa kuwa hazai, anachanua tu, na kuchanua tena. Pale kitaluni waliiita mgumba. "Nisogezee wagumba wawili," mtu angesema akipanga makopo kwenye mkokoteni, na hakuna aliyegeuza shingo. Mama Miche naye alilitamka hivyo hivyo, maana ulimi hauna mfupa na kazi ni kazi. Ila kulibeba neno lile hadi kwenye nyumba ile, ndani ya kopo, aliliogopa.

Miaka yote aliyokaa na mumewe, mama mkwe hakumtukana hata siku moja. Angemtukana ingekuwa nafuu, kwa kuwa tusi mtu hulijibu. Yeye aliuliza. Kila mwezi, akisimama kwenye mlango wa jiko, kwa sauti ya upole ya mtu anayeulizia kama mkate umeiva, aliuliza neno moja: "Bado?" Na Mama Miche alijibu, "Bado, mama." Kisha mume akaugua, ugonjwa mfupi, akafa, na swali likafa pamoja naye. Tangu hapo wanawake wale wawili waliishi katika nyumba moja kwa adabu kubwa na maneno machache.

Alilibeba kopo la tatu. Mlinzi alimfungulia lango bila mzaha.

Aliipanda siku ile ile kabla jua halijazama, dirisha likiwa wazi na bibi kizee akimsimamia kutoka kitandani. Shimo lifike hapo. Udongo wa chini usirudi juu. Maji kwanza, mche baadaye. Yote haya Mama Miche aliyajua, na bibi kizee alijua kwamba anayajua, lakini kusimamia ndiyo kazi pekee iliyombakia isiyohitaji miguu. Bustani nzima aliiotesha yeye, tena kwa mbegu za mkono wake. Juu ya rafu kichwani pake zilipangwa chupa za dawa zilizokwisha, kila moja na mbegu zake. Kwake ua lisiloacha mbegu lilikuwa mgeni aliyekula akaondoka bila kuaga.

"Mbegu zake zikoje?" akauliza. "Za jeraniamu nazijua, kikonyo kinarefuka kama mdomo wa korongo, kikikauka kinafyatuka. Hii ndiyo hivyo hivyo?"

Mama Miche alikuwa akiushindilia udongo kwa viganja. Ukweli ulikuwa mdomoni, mfupi tu, na hakuutoa.

"Zinachelewa, mama," akasema. "Zitakuja."

Jeraniamu ikashika. Ikatanda, ikapanda juu ya mawe ya ukingo, ikatoa maua ya buluu mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Bibi kizee alinenepa uso kwa kuitazama. Alijua nyuki gani anarudi na yupi mgeni. Na ua la kwanza liliponyauka, aliinua shingo kutazama kama mdomo wa korongo umejitokeza.

"Bado?" akauliza.

Mama Miche aliyekuwa akikunja shuka alisimama. Ilikuwa sauti ile ile ya mlango wa jiko.

"Bado, mama."

Ikawa hivyo kila alipomletea chai. Bado? Bado. Alijaribu kuingia chumbani akiwa na habari ya kusimulia ili swali lisipate nafasi, lakini bibi kizee alikuwa mvumilivu. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akashukuru, ndipo akauliza. Mama Miche alikasirika, kisha akajionea aibu kwa hasira yake, maana safari hii kosa lilikuwa lake. Ni yeye aliyesema zitakuja.

Alijiliwaza kwamba si kwa muda mrefu. Mambo yalikuwa yameshapangwa. Kaka yake alimtengea chumba, amekipaka rangi, anataka ahamie kabla ya baridi. "Pale unakaa kwa nani?" alimuuliza kwenye simu. "Mume hayupo, mtoto hayupo. Rudi kwenu, dada." Wifi yake, binti pekee wa yule bibi kizee, angemchukua mama yake akae naye ghorofani, kwenye nyumba yenye kibaraza cha saruji na jua la asubuhi. Nyumba ya chini ingefungwa. Wifi hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa haraka, anayependa jambo likisemwa liwe limekwisha. Mama alipoambiwa alisema "Sawa," akageukia dirishani, na kwa kuwa alisema sawa, hakuna aliyemuuliza tena. Mama Miche angalau alitazamia neno moja, hata la lawama. Halikuja. Akaelewa kwamba yeye kwenye nyumba ile ni wa kupita, kama alivyokuwa siku zote, akaanza kupanga nguo zake kidogo kidogo.

Katikati ya msimu jeraniamu ikachakaa. Mashina yalirefuka yakawa matupu, maua yakabaki nchani, katikati pakafunguka kama kipara. Dawa yake ni moja, na kitaluni hufanywa bila mkutano: unashika mkasi, unakata yote mpaka yabaki ya kiganja kimoja kutoka chini. Kwa siku kadhaa hubaki kitu cha kusikitisha, kisha majani mapya hutoka, na maua nyuma yake. Mama Miche aliifanya asubuhi kabla ya kwenda kazini, bibi kizee akiwa bado amelala. Aliyakusanya mashina, akayatupa kwenye shimo la mboji, akanawa, akaondoka. Haikumpitia akilini kumwambia mtu. Kitaluni nani hutangaza kwamba amekata jeraniamu?

Aliporudi alimkuta wifi yake mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama hajala tangu asubuhi. Amegeukia ukuta, hasemi. Mmekosana?"

Hawakuwa wamekosana. Hawakuwahi kukosana, hilo ndilo lililokuwa tatizo lao. Mama Miche aliingia chumbani, akaona dirisha limefungwa na pazia limevutwa mchana kweupe, na hapo hapo akaelewa.

"Umeling'oa," bibi kizee aliuambia ukuta.

"Sijaling'oa, mama. Nimelikata tu. Litachipua."

"Kama unaondoka, ondoka. Nimekuzuia? Lakini ua lilikukosea nini?"

Mama Miche alieleza. Alieleza juu ya mashina, juu ya kipara cha katikati, juu ya kiganja kimoja kutoka chini, na jinsi maua mapya yatakavyokuja kabla ya baridi. Alisema haraka haraka, kama mtu anayeokota vitu vilivyomwagika. Bibi kizee alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Na mbegu?" akauliza. "Labda zilikuwa ndiyo zinaanza. Umezikata pamoja na mashina."

Kulikuwa na kiti. Mama Miche hakukitumia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na godoro likashuka kidogo chini yake.

"Halina mbegu, mama. Halikuwa nazo na halitakuwa nazo. Nilikudanganya." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Ua hili halizai. Ndiyo maana linachanua mpaka baridi. Nilijua hivyo tangu kitaluni, nikalileta."

Wifi, aliyekuwa amesimama kizingitini, alirudi nyuma taratibu akaenda jikoni, na sufuria zikaanza kugongana bila sababu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nikaling'oe."

Bibi kizee aligeuka kutoka ukutani. Ilimchukua muda, na Mama Miche alimsaidia kuuweka mguu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia siku nzima kwa ajili ya ua, au kwa ajili ya kitu kingine akilitumia ua, na hakujali kuonekana.

"Nilikuuliza kila siku," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na zamani nilikuuliza hivyo hivyo."

Sentensi hii Mama Miche aliingoja miaka. Nyuma ya tangi la maji alishaitungia majibu mengi, mengine makali, mengine ya heshima inayochoma, na moja lilikuwa zuri kiasi kwamba alilirudia hata akiwa ndani ya basi. Sasa hakuna hata moja lililokuja. Kilichokuja ni machozi, mengi, ya sauti, ya mtu aliyeyabana kwa muda mrefu kupita afya.

Bibi kizee hakuwa mtu wa kukumbatia na hakujaribu kuigiza. Alivuta ncha ya shuka lake akamsogezea.

"Futa uso," akasema. "Nilikuchosha, mwanangu. Nilikuchosha bure." Akajiinua kidogo kwenye mto. "Halafu nipatie chakula, nina njaa."

Tangu siku ile walizungumza. Si sana, hakuna muujiza, lakini walizungumza. Pazia lilibaki wazi, na wote wawili walikitazama kile kisiki cha kusikitisha mpaka majani yalipoanza kuchomoza udongoni, madogo, ya kijani kibichi. Maua yalirudi kama alivyosema. Yalikuwa machache kuliko ya mwanzo, yenye rangi iliyokolea zaidi kwa sababu ya ubaridi. Bibi kizee alimwomba amsimulie jinsi watu wanavyochanganya mimea miwili, akashangaa kwamba kuna watu wenye subira hiyo. Juu ya kuondoka hakuna aliyesema kitu. Mama Miche aliendelea kupanga nguo, ila kila siku alipanga chache zaidi, na siku moja alitoa sweta kwenye sanduku akalivaa.

Siku ya kuhama ilifika hata hivyo, kwa kuwa siku hazingoji watu wamalize. Wifi alikuja na gari. Mafurushi ya mama yake yalikuwa yamefungwa mlangoni, na sanduku la Mama Miche lilikuwa nyuma yake. Kaka yake angekuja kulichukua kesho yake. Chupa za mbegu wifi alizivingirisha kwenye taulo. Bibi kizee, ameshavalishwa koti, alikuwa akitazama nje.

"Lisilo na mbegu," akauliza, "mnaliongezaje kule kitaluni?"

"Kwa kugawa, mama. Linachimbwa lote, linapasuliwa kwenye shina, kila upande uwe na mzizi na chipukizi."

"Kwa kisu?"

"Kwa mikono ni bora. Lenyewe linajua pa kuachia."

"Nitoeni nje."

Wifi alisema kuna upepo, na nyonga, na safari. Alisema mengi yenye akili. Mwishowe walimbeba, kiti na mtu juu yake, wifi upande huu na mkwe upande ule, wakamweka mbele ya dirisha lake mwenyewe, ambalo hakuwahi kuliona kutoka nje tangu alipoanguka. Aliliangalia kidogo kana kwamba ndani yake kuna mtu.

Mama Miche alichimba kwa kuzunguka, akaingiza uma wa bustani chini, akalinyanyua lote na udongo wake. Alilikung'uta taratibu mpaka mizizi ikaonekana, minene, ya kahawia, imeshikana. Alikuwa anataka kuligawa bibi kizee aliponyoosha mikono. Ile mikono siku hizi ilimwaga chai. Mama Miche alipiga magoti mbele ya kiti, akamwekea upande mmoja wa mmea kwenye viganja, yeye akashika upande wa pili, akamwambia asikate, avute tu. Wakavuta. Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mizizi ikaachia, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo ya kitambaa kikichanika, na mmea ukawa miwili.

Nusu moja Mama Miche aliirudisha shimoni, akaifunika. Haukuwa wakati mzuri kuliko yote wa kugawa, lakini udongo ulikuwa bado na joto, ingeshika. Nusu ya pili ilibaki mapajani mwa bibi kizee, ikichafua koti. Wifi alikimbilia ndani akarudi na kopo.

"Hii ni yako, wifi, uende nayo," akasema. "Ukumbusho mzuri kabisa."

Bibi kizee hakulipokea kopo. Alimtazama mkwe wake, ambaye bado alikuwa amepiga magoti.

"Chimba shimo la pili," akasema. "Pale, kando ya lile."

"Mama, gari linasubiri," wifi akasema.

"Sisemi na wewe." Alisema bila ukali, kisha akarudi kwa Mama Miche, na sauti yake haikuwa na uhakika. "Sikuombi ubaki kwa sababu ya mguu wangu. Wa kunilisha ninaye, huyu hapa, binti yangu, atanilisha vizuri. Nakuomba kwa sababu hapa ni kwako. Palikuwa kwako siku zote, na mimi sikukwambia. Ukitaka kwenda, kopo hilo, nenda nalo, sitanung'unika. Lakini usiende ukidhani ulikuwa mgeni."

Upepo ulipita ukayageuza majani ya jeraniamu. Wifi alisimama na kopo mkono mmoja na funguo za gari mkono wa pili. Mama Miche aliiangalia mizizi iliyokuwa wazi mapajani pale. Mizizi haiachwi upeponi. Huo ndio mwiko wa kwanza wa kazi yake. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakichovya kwenye ndoo, akaizungushia nusu ile mpaka ikafunikwa yote. Ikiwa imeloweshwa hivyo huweza kungoja mpaka kesho, hata keshokutwa. Akaiweka tena mapajani mwa bibi kizee, na mikono ile inayotetemeka ikaishika.

Kisha akainuka, kichwa wazi, akatembea hadi mahali alipoonyeshwa. Alisimama hapo, akaubonyeza udongo kwa kisigino, kusikia kama utachimbika baada ya siku zote zile bila mvua.